Simu Moja, Watu Wengi

Somo letu safari hii ni juu ya simu inayotumiwa na watu wengi: nani aishike, nani ajibu, siri yake iwekwe wapi, na siku mwenye kuishika akiondoka, nini kibaki. Vikundi viwili vimeniomba niandike juu ya jambo hili, kimoja cha hapa Gatwekera na kingine cha Kawangware, na mtaona sababu. Kama ilivyo desturi yetu, mmoja asome kwa sauti na wengine wasikilize. Nitakapoandika "simameni hapo", msomaji anyamaze, watu wazungumze. Msikimbilie mwisho. Mkichukua mikutano miwili si vibaya.

Najua kuna atakayesema, "Lakini mwalimu, siku hizi kila mtu ana simu yake. Ya kushirikiana ni ya nini?" Hebu tuhesabu pamoja. Kikundi chako kina simu ya kikundi. Pale kwenye choo cha kulipia na bomba la maji kuna simu ya mtu wa zamu. Mapokezi ya zahanati kuna simu, shule ina simu, ofisi ya mradi ina simu nne za mezani na wafanyakazi tisa. Na nyumbani, ile simu ya mama ndiyo mtoto anafanyia kazi ya shule, na ndiyo jirani anatumiwa pesa na mwanawe. Simu ya kushirikiana haijaisha. Imebadilika sura tu.

PESA ZILIZOLALA NDANI YA SIMU

Kikundi cha kwanza ni cha kina mama ishirini na sita. Kila Jumapili alasiri kila mmoja alitoa shilingi 200, yaani 5,200 kwa wiki. Simu ya kikundi ilikuwa ile ndogo ya vibonyezo, na iliwekwa kwa mweka hazina kwa sababu alikuwa mwaminifu na mlango wake ulikuwa na kufuli nzuri. Laini waliinunua pamoja kwa mchango. Lakini siku ya kuisajili, aliyekuwa na kitambulisho mfukoni ni yeye, basi ikasajiliwa kwa jina lake. Hakuna aliyeona ubaya. Hata mimi nilikuwepo siku ile na sikuona ubaya.

Nambari ile ikajulikana. Iliandikwa kwenye fomu za basari, kwa chifu, kwa mwenye kukodisha viti na hema, kwa walimu. Mwanzoni mwa Novemba wakaanza kuweka akiba ya karo na sare za Januari. Wiki nane zikapita, zikafika shilingi 41,600, zote ndani ya M-Pesa ya laini ile. Wiki ya tisa mweka hazina akashikwa na homa kali, akapelekwa hospitali, na siku ya nne akafariki.

Baada ya mazishi kina mama wakaichukua simu. Nambari ya siri hakuna aliyeijua. Wakajaribu mwaka aliozaliwa yeye, wakajaribu mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake, wakabahatisha tena. Mara ya tatu akaunti ikajifunga. Wakaenda kwa wakala, wakala akawatuma duka la mtandao, na duka likawauliza swali moja tu: laini hii ni ya nani? Kwa kitambulisho ni ya marehemu. Basi na pesa zilizomo zinahesabiwa mali ya marehemu, na wanaoweza kuzidai ni warithi wake, kwa utaratibu wa sheria ya urithi, wakiwa na cheti cha kifo na karatasi nyingine. Kikundi hakimo.

Mwenyekiti akamwendea shemeji ya marehemu, mzee wa heshima, ambaye ndiye aliyesimamia msiba.

"Mzee, pole tena kwa msiba. Tumekuja kwa unyenyekevu. Zile pesa zilizo kwa simu ni za kikundi, si za marehemu."

"Mama, mimi sikatai. Lakini nitajuaje? Laini ina jina lake. Nikiwapa ninyi, kesho watoto wakiniuliza mali ya mama yao ilienda wapi, niwajibu nini?"

"Daftari la michango lipo, mzee."

"Daftari mmeliandika wenyewe, mama."

Mimi siwezi kumlaumu mzee yule. Alikuwa akilinda yatima, na ningekuwa mimi labda ningesema hivyo hivyo.

Miezi saba ikapita. Mume wa marehemu alipomaliza karatasi zote alileta shilingi 30,000, akasema zilizobaki ziliingia kwenye gharama za msiba. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kubishana naye. Januari ile watoto kadhaa walikaa nyumbani mpaka Februari. Wanachama watatu waliacha kikundi, na mpaka leo wakikutana na mwenyekiti njiani salamu yao ni ya mbali.

Simameni hapo. Katika kisa hiki ni nani aliyekosa? Ni kitu gani hasa kilichokuwa cha kikundi, na kitu gani kilichokuwa cha mweka hazina? Simu ya kikundi chenu leo iko kwa nani, na kwa jina la nani?

VITU VITATU NDANI YA KIMOJA

Tukisema "simu" tunadhani tumetaja kitu kimoja. Kumbe ni vitatu. Kuna chombo chenyewe, ambacho kinaanguka, kinaibiwa, kinanunuliwa kingine. Kuna nambari, yaani laini, ambayo ndiyo watu wanaijua na kuiandika kwenye fomu. Na kuna siri: nambari ya siri ya pesa, ujumbe ulioingia, majina yaliyohifadhiwa. Chombo kinaweza kuwa cha watu mia bila shida. Nambari inaweza kuwa ya mtu, au ya mahali, au ya kazi fulani kama vile uweka hazina, lakini lazima mjue ni ya nani kati ya hao. Siri ni ya wachache, na mara nyingi ni ya mtu mmoja.

Kina mama wale walichanga wakanunua chombo, wakadhani wamenunua vyote vitatu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1995 nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Mama alikuwa akinipeleka kwenye kibanda cha simu cha Shirika la Posta na Simu, tunasimama foleni, sarafu zimefungwa kwenye kitambaa. Tulikuwa tunampigia mjomba kazini. Anayejibu si mjomba, ni mtu wa swichibodi wa ile ofisi: "Subiri, namtafuta." Sarafu zinaanguka moja moja. Mjomba alikuwa fundi, hana meza, leo yuko ghorofa hii kesho ile, na simu za ofisi zilifungwa kwenye meza. Mara nyingi alifika kwenye simu wakati sarafu ya mwisho imekwisha, tukasikia "Halo?" yake na kukatika. Wakati ule nchi nzima ilikuwa na laini za mezani chache. Nambari ilikuwa ya mahali. Mtu aliyekuwa hana mahali alikuwa hana nambari.

Shirika lile liligawanywa mwaka 1999, na kuanzia mwaka 2000 simu za mkononi zikaanza kuenea. Hapa Kibera kwanza tulizipata kwenye vioski. Wengi mnakumbuka Simu ya Jamii: chombo kinachofanana na simu ya mezani, kimewekwa juu ya kaunta ya mbao, lakini kinatumia laini ya mkononi. Mwenye kioski akipigiwa na ndugu yako wa nyumbani, alimtuma mtoto mbio: "Mama, unaitwa na simu!" Unaacha ugali motoni unakimbia. Nchi nyingine walifanya kazi kubwa kwa njia hii. Kule Bangladesh, kuanzia mwaka 1997, kina mama wa vijijini walikopeshwa simu na kuuza huduma kwa majirani, na mwaka 2003 mpango wa namna hiyo ukaanzishwa Uganda.

Halafu vijana wetu wakafanya jambo ambalo mimi naliona la akili sana. Hawakuwa na pesa za kununua chombo, lakini laini ilikuwa rahisi. Kijana alibeba laini yake kwenye pochi, imefungwa ndani ya karatasi. Akitaka kupiga, anaazima chombo cha rafiki, anatoa laini ya rafiki, anaweka yake, anasoma ujumbe wake, anapiga, anaitoa. Chombo cha mwingine, nambari yake mwenyewe. Na kila mtu alijua kanuni bila kuandikiwa: unaingia na yako, unatoka na yako. Aliyesahau laini yake ndani ya simu ya mwenzake alijua kwamba mambo yake yatasomwa.

OFISINI NAKO NI VIVYO HIVYO

Niliposoma diploma yangu na kupata kazi ya ofisi, nikakuta jambo lile lile la vijana, sasa limevaa tai. Nalieleza kwa sababu baadhi ya vikundi vyenu vimeanza kupata ofisi, na wengine mnafanya kazi za mapokezi na usafi mahali ambapo simu hizi ziko.

Ofisi yenye swichibodi hukipa kila chombo cha mezani nambari fupi ya ndani, inayoitwa ekstensheni, tuseme 204. Zamani 204 ilifungwa kwenye waya, na waya kwenye meza. Ukihama meza, simu zako zinabaki pale. Mitambo ya sasa haifungi nambari kwenye waya. Mfanyakazi anapewa 204 iwe yake yeye, pamoja na nambari ya siri. Asubuhi anakaa kwenye meza yoyote iliyo wazi, anaingiza nambari yake na siri yake, na kile chombo kinakuwa chake: simu zake zinaingia pale, ujumbe wa sauti alioachiwa anausikia pale, na kama ana ruhusa ya kupiga nje au mbali, ruhusa hiyo inakuja naye. Akimaliza anajitoa. Chombo kinabaki tupu, na kwa kawaida kinaachwa kiweze kupiga ndani ya ofisi na simu za dharura tu. Mchana akikaa chumba kingine anajiingiza huko, na 204 inamfuata. Mjomba wangu angefurahi.

Lakini hapo kwenye kujitoa ndipo penye shida. Nitawaambia kosa langu mwenyewe.

Ofisi tuliyokuwa nayo ilikuwa na meza nne kwa watu tisa. Siku moja niliitwa kwenye mkutano, nikainuka na karatasi zangu, sikujitoa kwenye simu. Meza ile ilikuwa karibu na mlango. Mkutano ukawa mrefu, nikaenda moja kwa moja chumba cha ndani kuandika ripoti kwa mkono, sikuingia kwenye chombo kingine. Wakati huo mama mmoja wa Gatwekera alikuwa akinipigia. Kulikuwa na mtoto wa jirani yake aliyefungiwa ndani tangu jana, analia, na watu wazima hawaonekani. Simu ikalia pale mlangoni. Mgeni aliyekuwa akisubiri akaiinua, akasema, "Hayuko," akaikata. Mama akapiga tena, akaambiwa tena, "Nimesema hayuko." Mimi nilikuwa vyumba viwili kutoka pale, nakunywa chai.

Yule mama alikuja kwa miguu kesho yake asubuhi. Mtoto tulimtoa, na alipona, lakini alilala usiku mmoja zaidi ndani ya chumba kile bila chakula. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Dada, nilidhani ukitupa nambari ni yako."

Tangu siku ile tulikubaliana mambo machache, na nayaandika hapa kwa sababu yanafaa hata kwa kikundi kisicho na ofisi. Kwanza, tulimwomba fundi apange mtambo umtoe kila mtu saa sita usiku, na pia mtu akiingia mahali pa pili atolewe pa kwanza. Mitambo mingi inaweza, lakini haifanyi hivyo mpaka ipangwe, na mingine huacha simu ilie pande zote mbili. Ulizeni. Pili, simu ya mlangoni, ya mapokezi na ya koridoni tuliziacha ziwe za mahali. Hakuna anayejiingiza pale kwa nambari yake. Tatu, na hili ndilo kubwa, tuliacha kuwapa watu nambari zetu wenyewe kwa mambo ya dharura. Tuliwapa nambari moja ya zamu, na kila asubuhi aliye zamu ndiye anajiingiza kwa nambari hiyo. Mtu anaenda likizo, anaacha kazi, anaugua, zamu haiugui. Na kwa jambo la mtoto, kila mama aijue 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto hapa Kenya, asingoje mtu wa ofisi.

Simameni hapo. Nambari mnayowapa watu kwa niaba ya kikundi, ni ya mtu au ni ya zamu? Mwenye kuishika akilala hospitali leo usiku, nani atajibu kesho?

LAINI YA KIKUNDI IWE YA KIKUNDI

Tangu mwaka 2010 ilipoagizwa laini zisajiliwe, na muda wa zile zisizosajiliwa ukaisha tarehe 31 Desemba 2012, laini na kitambulisho zimefungwa pamoja. Anayetambuliwa ni mwenye jina. Kusema "sote tunajua ni ya kikundi" hakutoshi mbele ya mtandao, wala benki, wala mahakama, wala shemeji.

Kwa hiyo sajilini kikundi kwanza. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 ndiyo inayotumika sasa, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya eneo lenu ndiyo itawaongoza. Mkipata cheti, nendeni duka la mtandao wenu na cheti hicho, muhtasari wa mkutano wenye sahihi na vitambulisho vya viongozi, muulize namna ya kusajili laini kwa jina la kikundi. Msitume mtu mmoja. Waende watatu, wasikie wote jibu lile lile.

Kama bado hamjafika hapo na laini ni lazima iwe kwa jina la mtu, basi andikeni. Karatasi moja inatosha: laini nambari fulani imesajiliwa kwa jina la fulani kwa niaba ya kikundi, pesa zitakazoingia ni za kikundi, akiacha kazi atairudisha. Mwenye jina atie sahihi, viongozi watie sahihi, na shahidi mmoja awe mtu wa nyumba yake, mume au mtoto mkubwa. Huyo wa nyumbani ndiye muhimu. Yule mzee alituambia daftari tumeliandika wenyewe, na alisema kweli.

Hata hivyo karatasi haifungui M-Pesa ya marehemu. Dawa ni pesa zisilale kwa simu. Fungueni akaunti ya kikundi, benki au Sacco, yenye watia sahihi watatu. Benki nyingi zina nambari ya Paybill, kwa hiyo mwanachama anaweza kutuma mchango wake moja kwa moja kwenye akaunti, na simu ya kikundi ikabaki ya kuongea tu. Zikipitia kwa mweka hazina, zipelekwe siku ile ile ya mkutano, kabla watu hawajaondoka, na ujumbe usomwe kwa sauti. Ndiyo, kuna gharama ya kutuma. Kina mama wale walipoteza 11,600. Hesabuni ni kutuma mara ngapi.

Nimeona pia vikundi vinavyogawanya nambari ya siri. Ina tarakimu nne: mama mmoja anajua mbili za kwanza, mwingine mbili za mwisho, kila mmoja anabonyeza zake mwenzake ameangalia ukutani. Ni kama lile kasha la akiba lenye kufuli tatu. Mimi naipenda kwa sababu inamkinga mweka hazina na kishawishi na pia na masengenyo. Lakini mjue mipaka yake. Mmoja akisahau zake, mkikosea mara tatu mmefungiwa. Na mbele ya sheria, laini bado ni ya mwenye jina, hata siri ikigawanywa vipande ishirini na sita.

DAFTARI NA KUELEKEZA SIMU

Simu ya kikundi iwe na daftari lake, na kalamu iliyofungwa kwa uzi la sivyo itapotea. Aliyejibu aandike tarehe na saa, nani amepiga, anamtaka nani, amesema nini kwa ufupi, na mwenye ujumbe akiupokea atie alama. Zamu zikibadilika, anayetoa na anayepokea wote watie sahihi, waandike kredi iliyobaki na kama chaja ipo. Mtaniona mkali juu ya chaja. Nimeona kikundi kikivunjika karibu kwa sababu ya chaja.

Usiku au siku za mvua, badala ya kutembea na simu kutoka nyumba hii hadi nyingine, mnaweza kuzielekeza simu zinazoingia ziende kwa laini ya aliye zamu. Kwenye simu za mkononi kwa kawaida unabonyeza **21*, halafu nambari ya aliye zamu, halafu alama ya #, na kupiga. Ukitaka ziende kwake pale tu ambapo hakuna anayejibu, ni **61* badala ya **21*. Kuona kama simu zimeelekezwa, *#21#. Kuondoa, ##21#. Lakini sikilizeni vizuri: kile kipande cha pili cha safari ya simu kinalipiwa na laini iliyoelekeza, yaani kredi ya kikundi. Ujumbe mfupi hauelekezwi, na ujumbe wa M-Pesa hauelekezwi. Unabaki kwenye laini. Na kama mtu yeyote akiwapigia akisema yeye ni wa mtandao au wa benki, "bonyeza **21* na nambari hii", msibonyeze. Ni mwizi anayetaka simu zenu ziingie kwake. Mkishuku, pigeni *#21# muone.

Msiiache laini bila kutumika muda mrefu. Mtandao huifunga na baadaye huiuza kwa mtu mwingine, na mambo yenu yataendelea kumfikia mgeni yule.

SIRI YA MTU ISIINGIE SIMU YA WOTE

Sasa kile kikundi cha Kawangware. Mwanachama mmoja, hana simu, aliandikisha nambari ya kikundi kliniki anakochukua dawa. Kliniki ikatuma ujumbe wa kumkumbusha tarehe. Haukusema ugonjwa, ulitaja tu siku na chumba, lakini mtaani watu wanajua chumba kile ni cha nini. Aliye zamu akausoma, hakusema kwa ubaya, alimwambia mmoja tu. Kufika Ijumaa soko zima lilijua. Mama yule amehama.

Hapa sheria ipo, ile ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ujumbe wa mtu ni mali yake. Lakini sheria haimrudishi mtu mtaani. Nambari ya kikundi isiandikwe kliniki, wala mahakamani, wala kwa shauri la nyumba ya mtu. Asiye na simu afanye kama wale vijana: anunue laini yake, aisajili kwa jina lake, na kikundi kimwazime chombo bila kumuuliza. Ajiwekee nambari ya kufunga laini, ili hata ikiokotwa isifunguke. Akikosea mara tatu ataombwa nambari ndefu iliyoandikwa kwenye karatasi iliyokuja na laini, kwa hiyo karatasi ile isitupwe.

Na akitoka, atoke na vyake vyote. Kwa simu ndogo ya vibonyezo aangalie kama ujumbe umehifadhiwa kwenye laini au kwenye chombo, maana uliohifadhiwa kwenye chombo unabaki ukimngoja mwingine. Kwa simu kubwa za kupangusa ni hatari zaidi. WhatsApp haitoki laini ikitoka. Unaweza kuondoka na laini yako mfukoni, na WhatsApp yako inaendelea kupokea ujumbe kwenye chombo cha kikundi, anausoma aliye zamu. Ni ile ile ya kuacha simu ya mezani mlangoni bila kujitoa. Ukiazima chombo, usiifungue WhatsApp yako pale. Na ukiifungua, iondoe mbele ya macho yako kabla hujarudisha.

Kuna mwenyekiti mmoja aliniuliza, je, tukimwazima mtu chombo bila kumuuliza, na akakitumia kwa mambo mabaya? Ni swali la haki na sina jibu zuri. Daftari lioneshe tu nani alikuwa nacho, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi. Alichosema humo ni chake.

KAZI YA KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mmoja, akiwa peke yake nyumbani, na laini yake iwe ya Safaricom, apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Wengine mtashangaa. Wenye mitandao mingine waulize dukani. Viongozi waje na simu ya kikundi, chaja yake, cheti cha usajili kama kipo, na orodha ya kila mahali ambapo nambari ya kikundi imeandikwa: kwa chifu, shuleni, benki, kwa wateja. Anzeni orodha hiyo leo kabla hamjafunga mkutano, maana ni ndefu kuliko mnavyodhani. Kile kikundi cha Gatwekera, walipobadilisha nambari, walifika mahali kumi na saba, na mwezi uliopita mwalimu mmoja alikuwa bado anapiga ile ya zamani.